Mstari wa Kazi

Fomu ya hospitali ina mstari mmoja wa kazi,
mfupi, urefu wa kidole gumba.
Nesi Mbeyu akauliza bila kuinua uso: "Kazi?"
Nikasema, nilikuwa napiga dawa.
"Ya mbu?"
Ya dudu wa mahindi, mama.
Akaandika: kibarua.

Kibarua!
Miaka ishirini na tisa, Shimanzi, ghala la saba,
magunia yamepandana hadi yakagusa bati,
turubai tukilivuta juu yake kama wavishao sanda,
kisha dawa, kisha mlango, kisha kungoja kuche.
Barakoa moja, watu wanne.
Tulivaa kwa zamu, kama koti la kuazima,
nawe ukiikuta ingali na jasho la Mwakio ndani
ulisema heri leso ya mke wangu.
Maziwa walitupa, pakiti moja kila usiku.
"Yanaosha sumu," msimamizi alituambia.
Tukanywa. Tukafuta masharubu.

Daktari ni kijana, kitindamimba wangu kamzidi umri.
Alipovaa glavu nikageukia ukutani,
kalenda ya kampuni ya meli,
nikahesabu Ijumaa za mwezi ule. Zilikuwa tano.
Baada ya wiki mbili akasema: saratani, tezi dume.
Dume! Kana kwamba napewa sifa.

Nikamuuliza, ni ile dawa?
Akaizungusha kalamu.
"Umri upo. Ukoo upo, babako alikufa na nini?
Kukesha kazini, wako wanaoshuku.
Sumu za wadudu, wako wanaoshuku pia.
Ushahidi haujakaa sawa, mzee wangu.
Huenda."

Nimelibeba hilo huenda hadi jikoni kwa Riziki.
Jepesi, lakini halishikiki.
Gunia lina masikio, unalikamata unalitupa begani;
huenda haina sikio hata moja.

Maana nikipiga hesabu haitoki.
Shebwana alikuwa karani: feni, chai ya tangawizi,
vidole havijui vumbi.
Ghalani aliingia kwa macho, dirishani.
Ndiye tuliyemzika kwanza, na ugonjwa ni huu huu.
Tsuma, aliyeionja dawa kwa ncha ya ulimi
apate kutuambia kama ingali kali,
yuko Mtongwe, sabini na minane,
anakwea minazi ya watu kwa malipo,
na anakojoa, asema mwenyewe, kama bomba la manispaa lililopasuka.
Mwakio hatujui.
Alirudi kwao Wundanyi, akafa,
na mkewe alipoulizwa alisema: mgongo.

Wanaume wangapi pwani hii wamekufa na mgongo?

Sitaki kesi.
Kampuni imebadili jina mara mbili,
ghala ni yadi ya makontena,
nani nimshike shati?
Nilichotaka ni mstari mrefu.
Basi nikarudi Makadara, nikamwambia Mbeyu, nipe ile fomu.
Akanitazama kama mtu aliyesahau miwani.
Nikaandika pambizoni, herufi zangu za darasa la nne:
majina ya dawa nilivyoyasoma kwenye madebe
(mawili yamenitoka),
usiku ngapi kwa mwezi,
barakoa moja, watu wanne.
Maziwa sikuyaandika.
Nafasi ilikuwepo.

Usiku nikampigia Hamadi, yuko gatini, zamu ya winchi.
Nikamwambia, mwaka huu unatimiza arubaini na tano,
nenda ukatoe damu, wapime tezi.
Kimya. Nyuma yake chuma kinagonga chuma.
"Kwani nina nini, baba?"
Nikatafuta neno jingine, nikalikosa.
Nikamwambia, huenda huna kitu.
"Basi nipigie kesho," akasema,
"sasa niko kazini."